Shajara ya mradi: breki ya mbele inayojikamata yenyewe barabarani

Siku ya 1, asubuhi. Kupokea

Pikipiki ya cc 150 inayobeba abiria mjini Tanga, kilomita 41,300 kwenye mita. Mbele ina diski ya milimita 240, kalipa (kibanio cha pedi) moja ya kuteleza yenye pistoni mbili za milimita 27, na masta silinda (pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki, hapa tunaiita masta) ya milimita 12.7 kwenye usukani. Nyuma ni breki ya dramu, haihusiki na kazi hii.

Malalamiko: baada ya dakika 15 au 20 za kuzunguka mjini, gurudumu la mbele linakuwa zito. Mkono wa breki unakuwa mgumu na unashika mapema mno. Mwisho pikipiki inagoma hata kusukumwa. Ikiegeshwa kivulini nusu saa inaachia yenyewe. Kuna nyakati baada ya kuachia mkono unakuwa laini kama sifongo, na lazima upigwe mara tatu ndipo breki ipatikane.

Ndani ya miezi minne imebadilishiwa pedi mara 2 na diski mara 1. Tatizo halikusogea hata kidogo, na hilo halishangazi: pedi na diski hapa ni majeruhi. Kinachozichoma kiko juu zaidi, na ishara kubwa ni hiyo ya kuachia ikipoa. Uchafu au kutu kwenye pistoni haviachii kwa sababu ya kivuli. Kinachopungua kwa baridi ni ujazo wa mafuta ya breki.

Mafuta ya breki yakipata joto hutanuka. Mkono ukiwa umeachiwa, masta huacha wazi kitundu chembamba kati ya chumba cha presha na kikopo cha mafuta, na ule utanuzi hupanda kwenye kikopo bila madhara. Kitundu hicho kikizibwa, mafuta hayana pa kwenda isipokuwa kuzisukuma pistoni. Pedi zinagusa diski, joto linapanda, mafuta yanatanuka zaidi, pedi zinabana zaidi. Mzunguko huo haukomi mpaka dereva asimame.

Siku ya 1, mchana. Kutafuta presha imenaswa wapi

Kipimo hiki hufanyika breki ikiwa imekamata. Ikishapoa hakuna cha kupima. Pikipiki iliendeshwa mpaka ikakamata, ikapandishwa kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele likainuliwa juu ya ardhi. Bodi ya kalipa ilisoma nyuzi joto 112 kwa kipima joto cha mwanga. Diski yenyewe hatukuitumia kwa usomaji: chuma kinachong'aa hukidanganya kifaa hicho na kuonyesha joto dogo kuliko lililopo. Pima sehemu iliyopakwa rangi.

Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe. Ukianza kufungua niplo ya kalipa (kiskrubu cha kutolea mafuta na hewa), presha yote inatoka na ushahidi umepotea. Anza juu, shuka chini.

Kwanza, toa mkono wa breki kwa kufungua bolti yake ya bawaba. Gurudumu likiachia hapo hapo, mkono ndio ulikuwa unasukuma pistoni ya masta. Hapa halikuachia.

Pili, funika tangi na taa kwa kitambaa kilicholowa maji, vaa miwani, kisha legeza kidogo sana bolti ya benjo, ile yenye tundu inayofunga mpira wa breki (bomba la mafuta kutoka masta hadi kalipa) kwenye masta. Gurudumu likiachia, presha ilizuiwa na masta. Hapa mafuta yaliruka, yakiwa meusi, na gurudumu likazunguka.

Tatu, hatua ambayo safari hii haikuhitajika: kama bolti ya juu haikuleta nafuu, legeza niplo ya kalipa robo mzunguko. Likiachia hapo, mpira wa breki umeoza kwa ndani. Kipande cha utando wake hugeuka vali ya njia moja, mafuta yanashuka kwa nguvu ya mkono lakini hayapandi. Kwa nje mpira wa namna hiyo unaweza kuonekana mzuri kabisa.

Nne, kama hata niplo haikusaidia, hakuna presha iliyonaswa. Hapo ni pistoni zilizoganda au pini za kuteleza zilizoshika kutu.

Nafuu ilipatikana kwenye bolti ya juu. Mtuhumiwa ni masta.

Siku ya 2. Kufungua masta

Kabla ya kukata mawasiliano ya mafuta, pistoni za kalipa zilisukumwa nje kwa presha ya breki yenyewe: kalipa imetolewa kwenye diski, pedi zimetolewa, kipande cha ubao cha milimita 10 kimewekwa katikati, mkono unapigwa taratibu. Pistoni moja ikitangulia, ishikilie kwa klempu mpaka mwenzake aifikie. Upepo wa kompresa tunaukataa kwa kazi hii. Pistoni hurushwa kama risasi na vidole huwa ndivyo vilivyo mbele yake.

Kikopo cha masta: mafuta rangi ya kahawa, na chini kabisa utando wa ute kama jeli. Kifuniko kimeandikwa DOT 4, daraja la mafuta ya breki. Mpira wa diaframu uliokuwa chini ya kifuniko umepasuka pembeni, na hapo ndipo unyevu ulipopata mlango. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani ina maji ya kutosha mwaka mzima. Kwa kipimo cha viwango, DOT 4 mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya asilimia 3.7 ya maji, kiwango cha chini kinashuka hadi 155. Kalipa iliyokuwa na nyuzi 112 kwa nje ilikuwa na joto kubwa zaidi kwenye pistoni, zinapogusana na pedi, na joto hilo hupita hadi kwenye mafuta yaliyo nyuma yake. Ule ulaini wa mkono ulitoka hapo: maji yalichemka yakawa mvuke, na mvuke unabanika. Kwa hiyo kukamata na kulegea vilikuwa na mzizi mmoja, ingawa dereva aliviona kama magonjwa mawili.

Chini ya kikopo kuna matundu mawili. Kubwa hulisha mafuta, dogo ndilo la kurudishia. Mafundi wengi husafisha kubwa, wakaridhika, kwa sababu dogo huonekana kama alama tu ya mashine. Katika masta hii lilikuwa limezibwa kabisa na ule ute.

Njia ya kulizibua: uzi mmoja tu wa chuma uliochomolewa kwenye kebo ya zamani ya kilachi, uliolowekwa mafuta mapya ya breki, unapitishwa kwa mkono bila kulazimisha. Keekee ni marufuku, na hata sindano ya kushonea haifai. Kingo za tundu zikipata ncha kwa upande wa ndani, kikombe cha mpira kinachoziba pistoni ya masta kitachanwa kila kinapopita juu yake, na baada ya wiki chache mkono utaanza kuzama.

Pistoni ya masta ilitolewa kwa koleo la saklipu (pete ya chuma inayoizuia isitoke). Ndani ya silinda: hakuna vishimo, rangi ya kinga haijakwanguka. Kama kungekuwa na mikwaruzo inayoshikwa na kucha, masta nzima ingetupwa. Kuipiga msasa silinda ya aluminiamu ni kuondoa tabaka gumu linaloilinda, na kikombe kipya hakitadumu juu ya uso huo. Vikombe vyote viwili vilikuwa vimevimba kidogo. Tumeagiza seti: pistoni, vikombe 2, springi, saklipu na kinga ya vumbi, pamoja na diaframu ya kikopo.

Kuvimba kwa vikombe kunastahili neno. Mipira ya mfumo huu hutengenezwa kuvumilia mafuta ya breki, haivumilii mafuta yatokanayo na petroliamu ya aina yoyote. Mtu akiongeza oili ya injini, mafuta ya jeki au ya giaboksi kwa sababu tu "ni haidroliki", mipira yote huvimba na kulainika, kuanzia masta hadi kalipa. Kuosha vipuri kwa petroli na kuvifunga bado vimelowa huleta madhara ya aina hiyo hiyo, polepole zaidi. Kazi hii yote imeoshwa kwa spiriti na kukaushwa.

Siku ya 3. Kalipa

Pedi zilizotoka: ya upande wa pistoni imebaki milimita 1.4, ya upande wa pili milimita 3.6. Pengo hilo linasomeka kama barua. Katika kalipa ya kuteleza, pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha mwili wa kalipa huteleza kwenye pini zake na kuivuta pedi ya nje. Pini zikigoma, pedi ya ndani hufanya kazi ya wawili. Pini ya juu ilitoka kwa mkono, ya chini ilihitaji kuzungushwa kwa spana huku ikivutwa. Kiatu chake cha mpira kimechanika, ndani kumejaa kutu na grisi ya njano ya beringi iliyogeuka nta.

Pini ilisafishwa kwa brashi ya waya na msasa namba 600, ikapimwa: haijalika, hivyo inarudi. Viatu vyote viwili vipya. Grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mahindi kwa kila pini. Ukijaza shimo lote, hewa na grisi vilivyonaswa chini vitairudisha pini nje kama springi.

Pistoni: kromu nzima, kutu ya juu juu tu kwenye ukingo wa nje ambao hauvuki sili. Zimesafishwa kwa sponji ya jikoni yenye upande mkwaruzo na spiriti. Kama vishimo vingekuwa kwenye eneo linalopita juu ya sili, pistoni mpya ingekuwa lazima.

Kazi halisi ya kalipa iko kwenye mifereji ya sili. Kila tundu la pistoni lina mifereji miwili: wa nje ni wa sili ya vumbi, wa ndani ni wa sili ya presha yenye mkato wa mraba. Sili hii ya ndani ina kazi mbili, na ya pili husahaulika. Mbali na kuzuia mafuta, hujipinda pistoni inapotoka, na mkono ukiachiwa hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma sehemu ndogo ya milimita. Hakuna springi nyingine ya kuirudisha. Aluminiamu ikiliwa na chumvi ya bahari, unga mweupe mgumu hujengeka chini ya sili na kuibana dhidi ya pistoni. Sili haiwezi tena kujipinda, pedi zinabaki zimegusa diski. Kubadilisha sili bila kuusafisha mfereji ni kupoteza fedha, kwa maana sili mpya itakalia unga ule ule.

Unga ulitolewa kwa kijiti cha mianzi kilichochongwa na kipande cha waya wa shaba. Chuma hakikutumika, kinachimba pembe za mfereji. Saa moja na nusu kwa matundu mawili, na ndiyo saa iliyolipa kuliko zote.

Sili 4 mpya, zimelowekwa kwenye mafuta mapya ya breki, zimeingizwa kwa vidole. Pistoni ziliingia kwa kusukumwa na dole gumba tu. Ikihitaji nyundo, ujue sili imekaa upande au mfereji haujaisha kusafishwa.

Diski ilipimwa kwa sababu ipo mbele yetu: unene milimita 4.0, alama iliyochongwa juu yake inaruhusu mpaka 3.5. Kuyumba kwa geji ya saa ni milimita 0.08. Haina kosa. Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kuyumba hupimwa kwa makini hivyo. Pistoni mbili za milimita 27 zina eneo takriban mara 9 ya masta ya milimita 12.7. Nguvu ya mkono inazidishwa mara 9, lakini mwendo unagawanywa kwa 9: masta ikisogea milimita 1, pistoni za kalipa zinasogea 0.11 tu. Diski ikiyumba 0.4 inazirudisha pistoni nyuma, na mkono utasafiri milimita kadhaa bure kabla pedi hazijagusa. Watu hulitafuta tatizo hilo kwenye upepo (hewa ndani ya mafuta) kwa siku nzima.

Siku ya 4. Kufunga, na kosa lililokuwa limejificha

Masta imefungwa na seti mpya, kila kipande kimelowa mafuta ya breki, midomo ya vikombe ikielekea kwenye presha. Mpira wa breki umekaguliwa: haujapasuka, mafuta yanapita pande zote mbili kwa bomba la sindano bila ukinzani. Unabaki.

Kabla ya kutoa upepo kuna kipimo cha sekunde tano. Kikopo kikiwa na mafuta nusu, vuta mkono kidogo sana, kama milimita 5 kwenye ncha, huku ukitazama ndani. Lazima kijichemchemi kiruke kutoka kwenye kile kitundu kidogo. Ndicho cheti cha kuwa njia ya kurudishia iko wazi. Funika kwa kifuniko kilichoinamishwa, maana kijichemchemi hicho kinaweza kurukia jicho au rangi ya tangi.

Hakikuruka.

Kitundu kilikuwa kimezibuliwa na kukaguliwa kwa tochi. Mkono ukatolewa, pistoni ya masta ikasukumwa kwa bisibisi ya plastiki: chemchemi ikaruka safi. Mkono ukarudishwa: hakuna kitu. Basi kosa la pili liko kwenye mkono wenyewe. Si wa asili, umenunuliwa baada ya ule wa kwanza kuvunjika, na kile kinundu kinachosukuma pistoni ni kinene. Ukiwa umeachiwa kabisa, bado unaiweka pistoni ndani kwa milimita 0.6, na kikombe kinakaa juu ya kitundu. Siku ya 1 kuutoa mkono hakukuleta nafuu kwa sababu ute ulikuwa umeshaziba njia. Kosa moja lililikinga lingine lisionekane.

Kuna wanaokipiga tupa kinundu. Hatukupenda: uso wa tupa kwenye aluminiamu laini hulika haraka na pia huchimba kichwa cha pistoni. Mkono wa vipimo sahihi umewekwa. Kwenye ncha sasa kuna uhuru wa milimita 2 kabla pistoni haijaguswa. Chemchemi imeonekana mara tano kati ya tano. Grisi ya silikoni kidogo imewekwa kwenye bawaba na mahali mkono unapogusa pistoni.

Siku ya 4, jioni. Kutoa upepo

Kuanzia mpira wa breki hadi kalipa mfumo ulikuwa mkavu, hivyo kujaza kumefanywa kutoka chini. Bomba la sindano la ml 60 limeunganishwa kwa mrija wa plastiki angavu kwenye niplo ya kalipa, mafuta ya DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa leo yanasukumwa juu taratibu mpaka yatokee kwenye kikopo. Hewa hupenda kupanda, na njia hii inaisaidia badala ya kupigana nayo. Jicho moja libaki kwenye kikopo kisifurike.

Baada ya hapo, njia ya kawaida kutoka juu: vuta mkono na ushikilie, fungua niplo robo mzunguko, funga niplo, ndipo uachie mkono. Ukiachia mkono kabla ya kufunga, hewa inarudi. Mara 25 hivi, kikopo kisishuke chini ya alama ya chini. Jumla ya mafuta yaliyotumika, pamoja na kuosha, ni ml 250.

Vipovu vidogo havikuisha kwenye mrija. Hivi mara nyingi havitoki ndani ya mfumo, vinafyonzwa kupitia nyuzi za niplo iliyolegezwa. Utepe mweupe wa fundi bomba ulizungushwa mara mbili kwenye nyuzi, juu ya ncha ya koni bila kuigusa, na vipovu vikakoma.

Mkono bado ulikuwa na ulaini kidogo mwanzoni mwa safari yake. Sehemu ya mwisho ya kujificha upepo ni benjo ya masta, kwa kuwa mpira unapanda kidogo kabla ya kushuka. Usukani uligeuzwa kushoto kabisa ili masta iwe juu, benjo ikalegezwa kidogo huku mkono umevutwa, ikatema povu, ikafungwa. Mara mbili zilitosha. Mkono umefungwa kwa mpira wa tyubu dhidi ya usukani, umeachwa hivyo mpaka asubuhi.

Mafuta yaliyodondoka kwenye rangi yameoshwa kwa maji mengi papo hapo. Kufuta kwa kitambaa kikavu hakutoshi, rangi itavimba.

Siku ya 5. Uvujaji, kisha majaribio

Asubuhi: tone moja chini ya benjo ya kalipa. Washa za shaba za pale zilikuwa za zamani, zilirudishwa baada ya kupashwa moto mpaka zikawa nyekundu na kutumbukizwa majini. Kupasha huko hulainisha shaba vizuri, ila moja ilikuwa na mkwaruzo uliovuka upana wake na moto hauwezi kuujaza. Washa 2 mpya za milimita 10, bolti imekazwa kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 26. Niplo Nm 6. Bolti ya benjo ni tupu katikati. Anayeikaza kwa hasira ili kuzuia tone huishia kuikata, na nusu yake inabaki ndani ya kalipa.

Mkono umeshikiliwa kwa nguvu sekunde 60: haukuzama. Kama ungezama bila tone lolote kuonekana nje, kikombe cha masta kingekuwa kinapitisha mafuta kwa ndani.

Gurudumu likisukumwa kwa mkono hewani linazunguka mara mbili na nusu kabla ya kusimama, na mlio hafifu wa pedi. Ule mlio mwepesi ni wa kawaida, hatuutafutii dawa.

Pedi mpya zimezoeshwa kwenye barabara tupu: mara 25 kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 10, bila kusimama kabisa, na mita mia kadhaa katikati za kupoa. Kusimama na kushikilia breki ya moto huchapa alama ya pedi kwenye diski, na baadaye mkono hutetemeka.

Kisha mzunguko wa mjini wa dakika 40 na abiria. Bodi ya kalipa: nyuzi 54, hewa ikiwa 31. Uhuru wa mkono umebaki milimita 2. Gurudumu linazunguka kama lilivyokuwa likiwa baridi.

Yaliyobaki

Kukagua uvujaji na uhuru wa mkono kwenye kilomita 500. Kufungua pini za kuteleza na kuzipaka upya baada ya miezi 6, kwa sababu ya chumvi. Mafuta ya breki kubadilishwa kila miezi 18, na tarehe ya leo imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti. Mafuta yaliyobaki kwenye chupa hayatawekwa akiba, yatatumika kesho kuosha mfumo wa pikipiki nyingine iliyopo kwenye foleni.